Mgongo Mliouita Uvivu

Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisimame niseme jinsi Mungu alivyonitendea. Nitasema. Lakini nilimwambia tangu juzi, na leo narudia mbele yenu wote, kwamba nikisimama nitasema yote, hata yasiyopendeza. Anayetaka ushuhuda wa kupigiwa makofi kila baada ya sentensi, avumilie. Na msinisogezee kigoda, asanteni. Nikikaa muda mrefu mgongo unakaza. Nitaegemea hapa mlangoni.

Ndugu zangu, nawaambia mapema kwamba sitataja jina la mtu. Si kwamba nimesahau. Nakumbuka nani alisema nini, alikuwa amesimama wapi na amevaa khanga gani. Ila mwenye maneno yake akiyasikia atayatambua mwenyewe, sina haja ya kumsaidia.

Wengi mnanijua kama mke wa dereva wa lori, wa kule Lizaboni. Wachache wanajua kwamba kwetu ni Madaba, nilikuja hapa mjini Songea kuolewa, na nikapata kazi ya upishi kwenye shule moja ya bweni. Kupikia wanafunzi wa bweni si mchezo. Uji unatakiwa uwe umeiva kabla jua halijatoka. Ugali unasongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na ukisimama kando ya lile sufuria jasho linakutoka hata mwezi wa saba, baridi yetu hii mnayoijua. Niliiweza kazi ile. Gunia la mahindi tulikuwa tunalibeba wawili, na mwenzangu ndiye aliyekuwa anaomba tupumzike njiani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wangu ameanza kutembea, mgongo ulipoanza. Sikuanguka, sikubeba kitu kikanishtua. Ulianza chini huku makalioni, wiki hii kulia, wiki nyingine kushoto, halafu ukapanda kiunoni. Kilichonitisha ni asubuhi. Nikiamka nilikuwa kama mtu aliyefungiwa ubao mgongoni. Nilijivuta kwa shuka ili nigeuke tu. Nilitambaa hadi mlangoni, nikashika mwimo, nikajinyanyua kidogo kidogo. Kuinama nivae viatu sikuweza, mume wangu alinivisha akiwepo, na asipokuwepo nilikwenda kazini na ndala. Hali hiyo ilichukua saa nzima, siku nyingine mbili. Kisha, nikishatembeatembea, mwili unalegea. Ukinikuta saa saba mchana nateka maji ungeapa kwamba huyu mwanamke haumwi kitu.

Hapo ndipo chuki ilipopata pa kuingilia.

Mpishi mkuu wetu alikuwa mama mtu mzima, nilikuwa namheshimu. Siku moja nimefika uji umeshagawiwa, akaniita mbele ya wenzangu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

Hakuitikia. Akasema, "Asubuhi unaumwa, mchana umepona. Ni ugonjwa gani huo unaojua kusoma saa?"

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Mtakumbuka ilikuwa ile miaka maduka yameanza kujaa vitu, mitumba imetandikwa kila kona ya soko, na huku maofisini watu wanapunguzwa kazi. Kila mkuu alikuwa anatafuta majina ya kupeleka juu. La kwangu halikutafutwa, lilikuwa tayari. Kwenye barua ya kuniachisha kazi waliandika kwamba ni mchelewaji na hana bidii. Nilifanya kazi pale miaka sita, na minne kati ya hiyo niliifanya kwa kutambaa hadi mlangoni kwanza. Hana bidii.

Nyumbani mama mkwe wangu, ambaye sasa ni marehemu na sitamwongezea neno ambalo sikumwambia akiwa hai, alikuwa anagonga dirisha langu kwa fimbo. "Kwetu mwanamke haamshwi na jua." Na bombani, ndugu zangu, pale pale tunapochota wote, nilimsikia mama mmoja wa jumuiya hii akimwambia mwenzake kwamba mimi naumwa uzembe, dawa yake ni mke mwenza. Yumo humu. Anatazama sakafu.

Baadaye ikaonekana huu uvivu umezidi kipimo cha uvivu, basi wakasema nimerogwa. Akaitwa mganga kutoka mbali. Alinichanja chale kuanzia shingoni hadi kiunoni, akapaka dawa, akaamuru nilale chali kwenye mkeka siku kumi na nne nisiinuke ila kwa haja. Nililala. Nilikuwa nimechoka kubishana. Siku ya kumi na tano waliponiinua nilikuwa nimepinda kama mundu, na kifua hakipanuki nikivuta pumzi. Mganga akasema jini limekasirika. Mama mkwe akasema nirudishwe kwetu.

Mume wangu alinipakia kwenye lori lake yeye mwenyewe, akanipeleka Madaba. Tulipofika akamwambia mama yangu, "Mama, nimemleta apumzike." Akageuza gari. Mtoto alibaki Songea. Yule pale nyuma, amekuja kunisikiliza leo, na ninayasema haya akiwa anasikia kwa sababu ameshakua na baba yake mwenyewe ameniruhusu.

Nikakaa Madaba miezi minane. Hakuna mtu wa jumuiya hii aliyekuja. Ni safari ya basi moja tu. Hata barua sikupata.

Halafu jicho la kulia likawa jekundu. Sikuwa nimeingiwa na kitu. Liliuma kwa ndani, mwanga wa mlangoni ulikuwa kama msumari, na nikilifumba hilo la kushoto naona ukungu mtupu. Majirani walisema sasa wachawi wamehamia usoni. Mama yangu, mwanamke ambaye hakusoma hata darasa moja, alisema, "Mimi sijui wachawi, najua jicho likiwa hivi mtu anapofuka." Akanifunga khanga usoni, akanishika mkono, tukapanda basi hadi hospitali moja ya misheni.

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana. Alitazama jicho kwa tochi yake ndogo muda mrefu. Kisha akaona ninavyoinuka kwenye benchi.

"Mama, na mgongo?"

"Unauma, daktari, lakini nimekuja kwa jicho."

"Unauma zaidi ukilala au ukitembea?"

Nikamwambia nikilala. Nikitembea unapungua.

"Asubuhi unachukua muda gani mpaka ulegee?"

"Saa moja. Siku mbaya, mbili."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tano huu."

Akaweka kalamu mezani. "Kwa miaka mitano, nani mwingine alikuuliza hivi?"

Nikafikiri. Mpishi mkuu, mkuu wa shule, mama mkwe, mganga, ninyi. Nikasema, "Hakuna."

Nililia pale, na siyo kwa sababu ya jicho. Wakanipiga picha ya eksirei, akainyanyua dirishani akanionyesha mahali uti unapokutana na nyonga, pale palitakiwa pawe na mstari mweusi na mstari haupo. Akasema jicho na mgongo ni ugonjwa mmoja. Ni baridi yabisi inayokamata uti wa mgongo, inawapata vijana, mwili unajichoma wenyewe, na mtu anayeambiwa alale ndiye anayeharibika haraka zaidi, kwa sababu mifupa ya uti inaungana taratibu mpaka inakuwa kama mwanzi. Hakuna dawa ya kuung'oa. Alinipa matone ya jicho, vidonge vya kupunguza uvimbe nile pamoja na chakula, na mazoezi ya kila siku: kulala kifudifudi, kuvuta pumzi hadi mwisho, kusimama ukutani visigino, makalio, mabega na kisogo viguse. Kisogo changu kilikuwa mbali na ukuta kiasi cha kiganja kizima.

Aliandika barua kwa mume wangu. Mume wangu alikuja Madaba baada ya wiki mbili, ameikunja mfukoni, imeshachakaa kwa kusomwa. Alisimama uani akaniambia, "Nilidhani nakupumzisha." Nilipanda lori.

Sasa hapa ndugu zangu sogeeni, maana hapa ndipo mnapoingia wengi wenu.

Vidonge vilisaidia, lakini nusu. Usingizi ulikuwa bado unakatika, na tumbo lilianza kuunguza, kwa hiyo daktari hakutaka kuniongezea. Mazoezi nilikuwa nafanya huku nauma meno, siku nyingine naacha. Muuguzi mmoja akaniambia yupo mzee kule Mfaranyaki anachoma sindano za Kichina, amesaidia wenye migongo. Nikamuuliza kama amekosa mtu wa kumdharau. Mimi nilikuwa nimeshachanjwa vya kutosha. Ilichukua mwezi mzima ndipo nikaenda, na nilikwenda kwa shari.

Yule mzee ni mtu wa Tunduru, Mwislamu, alikuwa mganga wa serikali miaka mingi. Zamani hizo serikali ilimpeleka China akasome fani hiyo. Alipostaafu, watu binafsi wakawa wamesharuhusiwa kutibu, akafungua chumba nyuma ya duka la mitumba. Kitanda kimoja, stovu ya mafuta ya taa, na rafu ya vichupa.

Sikumwamkia. Niliuliza, "Wewe unatumia jini gani?"

Akanitazama. "Mama, jini sina. Nina stovu na sindano. Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Una vidonge?"

"Ninavyo."

"Basi endelea kuvimeza. Sindano zangu haziondoi ugonjwa wako. Zinaweza kupunguza maumivu ili ulale na ufanye mazoezi, inshallah, na kwa mwingine hazifanyi hata hilo. Mtu akikwambia zinaponya, hata nikiwa mimi, mkimbie."

Hakuna mganga aliyewahi kuniambia hivyo. Nikavua viatu.

Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele wa mzungu. Kila mgonjwa ana kichupa chake chenye namba, na alizichemsha mbele ya macho yangu kila mara. Aliziweka pande zote mbili za uti, nyuma ya magoti, moja mkononi. Maumivu siyo. Ni uzito, kama mtu anakubonyeza kidole kutokea ndani. Halafu aliwasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayapitisha karibu na kiuno bila kugusa ngozi, likaja joto. Mara ya kwanza sikusikia tofauti. Ya pili, hakuna. Baada ya ya nne nililala hadi kukicha bila kuamka, na asubuhi ule ubao wa mgongoni ulikuwepo bado ila umelegezwa kamba. Nikafanya mazoezi yote. Nikaenda tena, mara mbili kwa wiki.

Lakini majani yale yana harufu. Yalikaa kwenye nguo zangu, nikaja nayo kanisani, na mkanusa. Kufika Jumapili ya pili habari ilikuwa imeshaiva: anakwenda kwa mchawi wa Kichina, anafukiziwa. Wengine mkasema nimesilimishwa. Wengine mkasema zile sindano zitaniletea ukimwi na nitauleta humu, mkaanza kunipa chai kwenye kikombe kile kile kimoja chenye ufa, kila jumuiya, mkidhani sioni. Mnajua kikombe ninachokisema.

Kisha wakaja watatu nyumbani, baada ya misa. Walikaa. Mmoja akasema, kwa sauti ya upole, na ule upole ndio uliniudhi zaidi, "Mama, tumeonelea rozari ya mwezi huu isisaliwe kwako. Uchague kwanza. Sindano au jumuiya."

Mume wangu alikuwa anarekebisha taa ya baiskeli pale pembeni. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Alipokuwa Madaba miezi minane, mlikwenda wangapi kumwona?"

"Nami nilimtelekeza," akasema. "Kwa hiyo mimi sina la kumchagulia. Ninyi pia hamna."

Wakaondoka. Rozari ikahamishwa.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa, kwa sababu sasa nasema ubaya wangu mwenyewe. Niliwachukia. Nilikuwa nawachukia nikiwa nasali. Nikataka niwakomoe, niwaonyeshe kwamba sindano za yule Mwislamu zimeniponya kabisa, nipite mbele yenu nimenyooka bila kitu kingine chochote. Basi nikaacha vidonge. Nikaacha hata kwenda kuonyesha jicho hospitali. Nilipoulizwa na yule mzee nilimdanganya kwamba nameza. Mwezi mmoja na nusu niliendelea vizuri, na nikaringa.

Jicho likarudi. Lile lile la kulia, kwa siku moja tu likawa kama damu. Nikajifunga khanga, nikatembea kutoka Lizaboni hadi Mfaranyaki, nikapanda kitanda cha yule mzee.

"Choma," nikamwambia. "Safari hii weka na karibu na jicho."

Akaifungua ile khanga. Akauliza, "Vidonge ulimeza lini mara ya mwisho?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamwambia, na nikamwambia na sababu, kwamba wanakuita mchawi, nataka waone umeniponya.

Sijawahi kumwona mtu mpole akikasirika vile. Alisema, "Shuka. Sikuchomi."

"Nimetembea na jicho hili toka Lizaboni."

"Shuka kitandani kwangu. Unataka mimi nisifiwe, wewe upofuke? Hao wanaoniita mchawi wamenidhuru nini? Wewe ndiye unayetaka kunifanya mchawi."

Kulikuwa na wagonjwa wawili kwenye benchi. Aliwaambia warudi alasiri, akazima stovu, akafunga mlango kwa kufuli, akanishika mkono. Mzee wa umri ule tulitembea naye juani hadi hospitali, yeye mbele, mimi nyuma nimeziba jicho, mbele ya watu wote wa sokoni. Alimweleza daktari wa zamu kila kitu, ugonjwa gani, vidonge gani, nimeacha lini. Kisha akakaa kwenye benchi la nje saa zote nilizokuwa ndani. Nilipotoka hakunipa pole. Aliniambia, "Ukimaliza wiki mbili za dawa, jicho likatulia, njoo tuendelee. Ukiacha tena usije."

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilikuwa nimetafuta miaka yote mtu wa kuniamini, na yule aliniamini mpaka akanifukuza. Niliona pia kwamba chuki yangu kwenu ilikaribia kuchukua jicho langu, na ninyi mngeendelea kunywa chai.

Sijapona. Naomba mlielewe hilo vizuri, asije mtu akatoka hapa akasema mama fulani kaponywa na sindano. Jicho la kulia lina ukungu kidogo. Shingo haigeuki, mkiniita nyuma nageuka mwili mzima kama mlango. Lakini nameza dawa kama nilivyoandikiwa, nafanya mazoezi kila asubuhi kabla ya kusema na mtu, nachomwa sindano mgongo unapokaza, na hospitali wanajua kwamba nachomwa, nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Uti umesimama palepale, haukupinda zaidi. Kati ya kisogo na ukuta vinaingia vidole viwili. Nina banda langu la chakula pale stendi, nafungua saa nne, mwili ukiwa umeshaamka, na hakuna wa kuniandikia barua.

Nawashukuru. Mama yangu kule Madaba, aliyejua kwamba jicho ni jicho. Daktari kijana aliyeuliza. Muuguzi ambaye hakuchoka na ukali wangu. Mzee wa Tunduru, ambaye hakuweza kufika leo ila mke wake amenitumia salamu zenu, nami nazifikisha mkitaka msitake. Mume wangu, ambaye alikosea barabarani na akageuza gari. Na mwenyekiti wetu huyu mpya, aliyerudisha rozari nyumbani kwangu bila kuniuliza chochote.

Mwenyekiti aliniomba nimalizie kwa kusema nimewasamehe wote. Siwezi kusema uongo mbele ya msalaba ule pale. Wengine nimewasamehe. Wengine bado, na najitahidi, na siku nikifika nitakuja kuwaambia mlangoni kwenu, sitasubiri mkutano. Ninachowaachia ni hiki: mtu akikwambia anaumwa, muulize. Unaumwa wapi, unaumwa saa ngapi, maumivu yakipungua yanapungua ukifanya nini. Usimjibu kabla hujamuuliza. Hiyo haihitaji shule, mama yangu hakuwa nayo.

Na la mwisho. Yumo humu mama mmoja ambaye wiki hii nimemsikia akisema mkamwana wake anaamka kama bibi kizee, na mchana anacheka na wenzake. Mama, sikutaji. Mimi si daktari, inawezekana ni kitu kingine kabisa. Lakini kesho saa mbili asubuhi nitakuja kumchukua twende naye hospitali. Nitapiga hodi. Ukifungua nitakuamkia shikamoo kama siku zote. Usipofungua nitasimama pale pale mlangoni kwako, kusimama nimekuzoea, mpaka majirani waniulize nasubiri nini. Nao nitawaambia.